Kunguni wa Kitanda cha Hawe

Juzi nilikwenda mtaa wa Shika Adabu kumwona mama. Nilipopita kwa jirani yake mpya niliona godoro limeegemezwa ukutani, limepigwa jua, na mashuka yote ya nyumba yameanikwa kwenye kamba. Mwenye godoro, mama kijana aliyejifunga leso kifuani, aliniona nikitazama. Sikuwa nimesema neno. Hata salamu tulikuwa hatujapeana.

"Mtoto amekojoa," akaniambia.

Nikamwambia pole, nikapita. Lakini masikio yalikuwa yameshaanza kuniwaka, kama yalivyokuwa yakiwaka zamani. Neno lile nalijua. Kama ulilelewa Likoni kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, nawe walijua. Mtoto hakukojoa. Nyumba ina kunguni.

Nitakusimulia yaliyotupata sisi, lakini usitarajie niwe mwema. Kuna wivu ndani ya kumbukumbu hii, na mpaka leo haujanitoka.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ndefu ya mabati, vyumba vyote vimetazama ua mmoja. Katikati ya ua palikuwa na mferegi wa maji ya bomba, mahali pa kufulia, na mafiga matatu yaliyokuwa meusi tititi kwa moshi wa makumbi ya nazi. Sisi tulikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha baba na mama. Cha pili cha nyanya yangu, mamake baba, na mimi. Nyanya tulimwita hawe, kama watu wa kwetu Kaloleni wanavyosema.

Hawe alikuja Likoni na kitanda chake. Kilikuwa kitanda cha kamba, cha miti mizito, matendegu yake manene kama mapaja ya mtu, na kamba za ukonge zimepitishwa huku na huku mpaka zimefanya vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Juu yake palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka kigodoro chembamba cha sufi. Ukikipanda kilikuwa kinalia, na ukilala kilikuwa kinabonyea katikati. Kwa hivyo mimi na hawe, hata tukianza usiku kila mtu upande wake, asubuhi tuliamka tumegandana katikati kama mahamri yaliyokaangwa pamoja.

Pale katikati ndipo palikuwa pangu. Shuleni nilikuwa mtoto wa kukaa nyuma, sikuulizwa wala sikuuliza. Uani watoto wengine walikuwa na midomo, mimi sina. Lakini kitandani kwa hawe nilikuwa mtu. Alinikuna mgongo kwa kucha zake ngumu, akaniambia nani kaoa na nani kafa huko kwao, na harufu yake ilikuwa ya ubani kidogo na muhogo wa kuchoma. Sikutaka kitu kingine duniani.

Kunguni waliletwa na kochi. Baba alikuwa kibarua bandarini, na mwezi mmoja kazi ilipokuwa nzuri alinunua kochi kwa watu waliokuwa wanahama Port Reitz. Kochi la kitambaa chekundu, lenye maua. Lilipoingia uani watu wote walitoka kulitazama. Mama alilifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akalitandika vitambaa vya mkono. Hakuna aliyeligeuza kutazama chini. Nani hugeuza kitu kizuri kutazama chini yake?

Haikupita muda tukaanza kujikuna. Kwanza tukasema ni mbu. Mbu wa Likoni husingiziwa mengi. Kisha mama akaona mashuka yana madoa madogo meusi, kama mtu amechovya kijiti kwenye wino akakigusisha hapa na pale. Akafunua pindo la godoro, akalifunika haraka, akakaa chini.

"Asijue mtu," alisema.

Sijui kwenu, lakini kwetu kunguni ni aibu kuliko deni. Mwenye mbu ana bahati mbaya. Mwenye kunguni ni mchafu. Na mama alikuwa mtu wa usafi. Alifagia ua hata siku isiyo yake. Kwa hivyo godoro lilipotolewa juani Jumamosi ile, na jirani wa mlango wa pili akaja kusimama na kikombe chake cha kahawa, mama alikuwa na jawabu tayari.

"Mtoto amekojoa."

Mtoto alikuwa mimi. Hapakuwa na mwingine.

Jirani yule alikuwa mama wa Kidigo, mnene, mwenye sauti ya kufika barabarani na moyo wa kufika mbali zaidi. Alinitazama kwa huruma. "Pole, mwanangu. Lakini mbona mkubwa hivi?" Kisha akamgeukia mama. "Asinywe chai baada ya magharibi, dada. Wallahi, wa dada yangu alipona hivyo hivyo."

Jumamosi ya pili godoro likatoka tena, na ya tatu.

"He! Leo tena?" jirani akauliza. "Mwanenu huyu anywa bahari nzima?"

"Tumekoma naye," mama akasema.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika komeo, masikio yanachemka. Nilitaka kutoka niseme sikukojoa. Lakini nilikuwa mtu wa namna gani? Maneno yangu yalikuwa yanafika kwenye meno na kurudi. Na watoto wa uani walishasikia. Nikipita kwenda kuchota maji mmoja aliniuliza, "Wewe kikojozi, jana umevua samaki gani, changu au tafi?" Wengine wakaanguka kwa kicheko.

Uongo una tabia ya kutaka kulishwa. Jirani alikuja jioni kuhakikisha sinywi chai, kwa hivyo chai nikanyimwa. Kisha akauliza: "Na bado alala na bibi yake? Amkojolea mtu mzima?" Mama akatazama chini. Jioni hiyo, ili maneno yake yasimame, akanitandikia mkeka sakafuni, karibu na mlango.

"Ni kwa siku chache tu," akaninong'oneza. "Vumilia, mama."

Hawe hakuingilia kati. Nyumba ilikuwa ya mkwewe, na mkwewe alikuwa amekwishasema. Alinishushia leso yake moja nijifunike, basi.

Katika siku hizo chache ndipo alipokuja binti wa shangazi. Shangazi alipata kazi Arabuni, akamleta mtoto wake kwetu mpaka mambo yapangwe. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, ana mwanya kati ya meno, na hajui haya hata chembe. Aliingia, akamwambia mama shikamoo, akauliza choo kiko wapi, akauliza kama kochi lile ni letu kweli, akalirukia. Usiku ulipofika hapakuwa na swali. Kitanda cha hawe kilikuwa na nafasi.

Akapanda. Kitanda kikalia kama kilivyokuwa kikinililia mimi.

Nikiwa chini kwenye mkeka nilikuwa naona tumbo la kitanda likibonyea katikati. Nilisikia kucha zikikuna mgongo, na si mgongo wangu. Nilisikia habari za nani kaoa. Binti wa shangazi alikatiza kila mara, "Kwa nini?" na hawe akamjibu bila kuchoka. Mimi sikuwahi kumkatiza hawe hata mara moja. Nilidhani hiyo ndiyo adabu, na ya kwamba adabu inalipa.

Utacheka, lakini niliwaonea wivu hata kunguni. Wao walikuwa bado wanalala naye.

Asubuhi yeye alipewa chai ya maziwa na hamri, kwa sababu ni mgeni na mamake yuko mbali. Jioni alipewa chai tena, mbele yangu, akaivuta kwa sauti. Alikuwa anaumwa na kunguni kama sisi sote, lakini godoro likitoka hakuna aliyesema yeye kakojoa. Mgeni hasingiziwi. Mimi wa nyumbani nilibeba mkojo wa nyumba nzima.

Kisha kikatokea kichekesho ambacho wakati ule sikukicheka. Jumamosi moja jirani wa Kidigo naye akatoa magodoro yake.

"Wa kwangu naye kaanza," akasema kabla hajaulizwa. "Labda ugonjwa huu waambukiza."

Wiki iliyofuata godoro likatoka chumba cha mwisho, alikokaa kijana mmoja wa kutoka bara, kibarua wa mjengo. Alikuwa anaishi peke yake. Jirani akamtazama, akatazama godoro, akamtazama tena.

"Na wewe, nani kakukojolea?"

"Nilimwaga maji, mathe," kijana akasema.

"Maji ya nini?"

"Ya kunywa."

"Godoro zima?"

"Nilikuwa na kiu."

Ua mzima ukawa na magodoro kila Jumamosi, na kila godoro lina hadithi yake. Usiku kila mtu alipulizia dawa chumbani kwake kwa siri, amefunga mlango, akikohoa. Na kunguni, kwa kuwa mbao za dari zilikuwa moja na kuta zina nyufa, walihama tu. Sisi tukipuliza wanakwenda kwa jirani. Jirani akipuliza wanakwenda kwa kijana. Kijana akipuliza wanarudi kwetu wameshiba. Laiti watu wangeulizana siku ile ya kwanza. Lakini nani aanze?

Alianza hawe. Na nikwambie kilichomwanzisha, maana ndicho kinachoniuma. Jumapili moja tulipokuwa tunajitayarisha kwenda kanisani, binti wa shangazi aliamka na jicho limefura. Kunguni alimuuma kwenye kope. Alilia kwa sauti, bila haya, kama alivyofanya kila kitu. Hawe akamshika kidevu, akalitazama jicho lile muda mrefu. Kisha akavua gauni lake la kanisani, akafunga leso ya kazi.

Mimi nilikuwa nimeumwa tangu kochi lilipoingia. Nilikuwa na mistari ya vipele kutoka bega hadi kiwiko. Nilikuwa nimeitwa kikojozi mbele ya mlango wake. Hakufunga leso.

Alikiburuta kitanda chake mwenyewe mpaka katikati ya ua. Matendegu yalikwaruza saruji na watu wakafungua milango. Mama akatoka mbio, sindano ya kitambaa cha kichwa mdomoni.

"Mama, wafanyani? Watu wanatuona!"

"Waone." Hawe akakipindua kitanda miguu juu, akakipiga kwa mchi wa kinu. Wakaanguka. Wekundu, wa kahawia, wadogo weupe kama chawa, wakikimbia kwenye saruji kila upande. Akanyoosha mgongo, akapaza sauti: "Nina kunguni! Asiye na kunguni aje anicheke!"

Niliona mama akifunika uso kwa mikono yake. Kisha jirani wa Kidigo akaweka kikombe chini pole pole.

"Kunguni?" akasema. "Wallahi, nami ninao. Wananila mimi na wanangu kama tumekosa kulipa kodi."

"Mimi pia," kijana wa bara akasema mlangoni. "Si maji, mathe. Pole."

"Nalijua si maji, mwehu wewe!" Na jirani akaanza kucheka, mwili wote, mpaka akashika ukuta. Kisha akaniona mimi, akaacha kucheka. "Kumbe mtoto hakukojoa! Masikini, na chai nikamnyima!"

Hawe alisema neno ambalo mama hulirudia hadi leo. Alisema kunguni halali godoroni. Hulala ndani ya aibu ya mwenye nyumba, na huko dawa haifiki. Kisha akasema mficha uchi hazai, akaagiza moto.

Hatukwenda kanisani. Rafiki yangu, sijaona siku kama ile tena. Jirani alitoa sufuria lake la harusi, likapandishwa mafigani, makumbi ya nazi yakawaka. Vyumba vyote vilitoa vitu vyote siku ile ile, hivyo ndivyo hawe alivyotaka. Kila kitanda, kila godoro, kila mto, kila nguo, hata kalenda za ukutani, maana nyuma ya kalenda kulikuwa na mji mzima. Nguo na mashuka yalichemshwa. Maji ya moto yalimwagwa kwenye viungo vya vitanda, na kunguni wakaelea juu. Mapindo ya magodoro yalifunuliwa kwa ncha ya kisu. Kuku wa jirani walikuja wakala mpaka wakakaa kivulini wamechoka. Na harufu ilitanda, ile harufu ya kunguni waliopondwa, kama majani ya dania yaliyoozea kwenye mfuko. Mpaka leo mtu akinikatia dania juu ya mchuzi, mimi husogeza sahani.

Kijana wa bara alikoroga saruji na chokaa, akaziba nyufa chumba kwa chumba, akiimba nyimbo za kwao. Baba aliporudi kutoka zamu alikuta kochi lake limepinduliwa uani na kitambaa cha chini kimechanwa. Alichungulia ndani, akasimama vile vile, kofia mkononi. Yeye mwenyewe alikwenda kuomba mafuta ya taa ya kulichomea.

Kazi yangu mimi ilikuwa makopo. Niliyatafuta makopo ya maziwa ya unga na ya mafuta ya kupikia ya kimbo, nikayasugua, nikatia maji na mafuta ya taa kidogo, moja kwa kila mguu wa kitanda, ili kunguni akitaka kupanda azame. Ilikuwa kazi nzuri, na niliifanya vizuri. Lakini nilipoinua macho nilimwona hawe amekaa mbele ya mifupa ya kitanda chake. Kamba zote alikuwa amezifungua, zimechemshwa, zimekaushwa. Sasa alitaka kukiwamba upya. Na kuwamba kitanda ni kazi ya watu wawili: mmoja hupitisha kamba, mwingine huivuta na kuishikilia isilegee mpaka ipite tena.

Nikaweka kopo chini. Nikajifuta mikono. Nilikuwa nimeshapiga hatua.

"Njoo ushike hapa," hawe akasema. Alikuwa anamwambia binti wa shangazi, aliyekuwa amekaa karibu naye na jicho lake lililofungwa. Tena ndiye aliyekuwa karibu. Huenda ilikuwa hivyo tu. Akashika. Hawe akamwonyesha: vuta, kanyaga kwa mguu, sasa achia polepole. Wakaenda hivyo mpaka jua likapinda, vyumba vidogo vya kamba vikizaliwa kimoja kimoja kati yao, na mimi najaza makopo.

Jioni nilidhani nitarudishwa mahali pangu. Sababu ya mkeka ilikuwa imekwisha. Ua mzima ulijua sikukojoa. Nikasimama kando ya kitanda kipya kilichokazwa, nikingoja. Hawe akaniona.

"Wewe sasa mkubwa," akasema. "Mwenzio mamake yuko mbali."

Ukubwa huo sikujua ulinijia lini. Nikalala kwenye mkeka.

Hawe alisema mayai hayasikii dawa wala maji ya moto yasiyoyafikia, kwa hivyo kabla mwezi haujaandama turudie. Tukarudia, ua mzima, na mara hii watu walikuwa wanataniana toka asubuhi. Jirani alimwuliza kijana kama leo ana kiu. Safari hii kunguni walikuwa wachache, na baada ya hapo hatukuona mwingine.

Hapo ndipo mama alipopata nguvu ya kusema alilokuwa nalo. Walikuwa wanamenya muhogo, yeye na hawe, nami nilikuwa naosha vyombo.

"Mama," akasema kwa heshima, bila kumtazama, "tumeshinda. Sitaki warudi. Nataka vitanda vya chuma, vilivyo laini, visivyo na tundu. Kamba ina vyumba elfu moja. Wakirudi, watarudi humo."

Hawe aliendelea kumenya. "Chuma chaniuma mgongo."

"Tutakutilia godoro zuri."

"Sikatai, mwanangu. Wasema kweli." Alikata muhogo, akautia majini. "Nyumba ni ya mke. Juu ya kitanda hiki nimezaa, na mume wangu kafia juu yake. Nitarudi nacho Kaloleni. Huko kuna nafasi ya kukianika kila siku."

Mama akaanza kulia, akasema hakutaka hivyo. Hawe akamwambia anyamaze, hakuna aliyefukuzwa. Hawakugombana. Ningependa kukwambia waligombana, ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Jioni, baba alipokuja, mambo yakapangwa kwa utulivu huku tukila muhogo wa nazi. Likabaki jambo moja. Kwetu mzee halali peke yake. Hulala na mjukuu, wa kumchotea maji na kumwamsha akiota vibaya. Hawe akatutazama sote wawili.

"Nani atakuja nami?"

Alituuliza. Hakumtaja mtu. Nimelirudia swali lile mara nyingi na kila mara nasikia vizuri: alituuliza wote. Nilikuwa na neno. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto wa chekechea angelisema. Lilitoka tumboni, likapanda, likafika kwenye meno.

"Mimi, hawe," akasema binti wa shangazi, mdomo umejaa muhogo.

"Basi ni vizuri," baba akasema. "Huyu wetu ana shule." Na mama akaitikia, na kila mtu akaona ni vizuri.

Kitanda kiliondoka kwenye pikapu ya kubebea nazi, kimepinduliwa, matendegu yake juu. Hawe alikaa mbele. Binti wa shangazi alikaa nyuma, ndani ya kitanda kilichopinduka, ameshika mguu mmoja kila mkono, anacheka na mwanya wake. Nilipunga mkono. Jirani alilia kwa sauti kwa niaba yetu sote.

Nyumba yetu ilibaki safi. Mama aliweka sheria na hazijavunjwa: mgeni hukung'utia mfuko wake uani kabla ya kuingia, vitanda havigusi ukuta, mapindo ya magodoro hufunuliwa juani, na kitu kilichokwishatumiwa na watu hakiingii mlangoni bila kupinduliwa na kuchunguliwa tumbo. Mimi nilinunuliwa kitanda cha chuma, kipya, cha rangi ya buluu. Kilikuwa hakilii wala hakibonyei. Nililala usiku mzima bila kuumwa na kitu chochote, na asubuhi niliamka pale pale nilipolala.

Hawe alikufa miaka kadhaa baadaye, mimi nikiwa nimeshamaliza darasa la nane. Alikufa asubuhi, kwenye kitanda kile, na binti wa shangazi alikuwa ubavuni pake. Sisi tulifika mazishi yakiwa yanatayarishwa.

Siku hizi vitanda vya kamba sivioni tena Likoni. Na ile nyumba ndefu imebomolewa, wamejenga ghorofa, kila mlango una chuma na kila chuma kina kufuli. Mtu akipata kunguni humwita fundi wa kupuliza, naye huja amevaa barakoa, akapuliza chumba kimoja, akaenda zake. Jirani hajui. Mferegi wa kati haupo, na mafiga yamezikwa chini ya saruji. Hakuna atakayekiburuta kitanda chake hadharani na kupaza sauti, kwa sababu hadharani penyewe hapapo.

Binti wa shangazi huja kwetu mara moja moja. Yeye ni mtu mzima, ana mtoto, bado haoni haya. Tukikaa ananisimulia hawe: jinsi alivyokuwa akizungumza usingizini na marehemu mumewe kuhusu mbuzi, jinsi alivyojifunza kutumia simu akawa anapigia kila mtu kwa makosa, jinsi walivyokiwamba kitanda kila baada ya mvua, na mwishoni yeye ndiye aliyepitisha kamba na hawe akashika. Watu huniambia nisimwonee wivu, kulea mzee si mchezo, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda kile nilikilalia, na kunguni wake nawajua mmoja mmoja, na ningewarudia leo.

Mara nyingine wivu hunipanda mpaka namwambia basi, usinisimulie tena, nina kazi. Yeye hakasiriki. Huchukua kikombe chake cha chai, akanywa kwa sauti, akatazama nje.

Nami hungoja. Kisha nasema, kwa sauti yangu hii ndogo, lakini nasema:

"Halafu?"